Mgonjwa Huyu Ni wa Nani?

Daktari akiingia wodini asubuhi na haraka zake, husimama miguuni pa kitanda na kuuliza: "Huyu ni wa nani?" Anamtafuta muuguzi wa kumweleza mgonjwa amelalaje, amekunywa nini, amekojoa kiasi gani, kidonda kinaendeleaje. Nimefanya kazi kwenye wodi ambako mtu mmoja hujibu papo hapo hata bila kufungua faili. Nimefanya pia kwenye wodi ambako swali hilo likiulizwa wauguzi wanne hutazamana, na wote wanne ni wachapakazi ninaowaheshimu mpaka leo. Wodi hizo zilitofautiana kwa karatasi ya mgawanyo wa kazi iliyobandikwa ukutani kwenye ofisi ya wauguzi. Karatasi hiyo wengi huiona ya kujua tu nani yuko wapi. Mimi nimekuja kuamini kwamba ndiyo inayoamua nani ataona nini.

Wodi yangu ya kwanza ilikuwa ya upasuaji, na tuligawana kazi, si wagonjwa. Msimamizi alisoma orodha: wewe sindano na dawa, wewe vidonda, wewe presha na joto, wewe vitanda na usafi wa wagonjwa. Kila mmoja alishika lake na kupita nalo wodi nzima. Ukipangiwa presha, unasukuma mashine kutoka kitanda cha kwanza hadi cha mwisho, unafunga mkono, unasoma, unaandika, unasogea. Baada ya wiki mbili unakuwa na mkono mwepesi ajabu. Naweza kusema bila aibu kwamba pale ndipo nilipojifunza kufanya kazi kwa kasi. Lakini nilikuwa najua mapigo ya moyo ya wodi nzima bila kujua hata mmoja wao alilazwa kwa nini.

Utaratibu huo una historia, na si historia ya uvivu. Zamani muuguzi alikaa na mgonjwa mmoja, mara nyingi nyumbani kwa mgonjwa, akimfanyia kila kitu. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipochukua wauguzi wengi kuwapeleka jeshini, hospitali zilibaki na wachache waliosomea na wasaidizi wengi waliofundishwa kwa muda mfupi. Njia iliyowezekana ilikuwa kukata uuguzi vipande vipande, kama kiwanda kinavyokata kazi: msaidizi hahitaji miaka ya masomo ili ajue kupima joto. Vita viliisha, mtindo ukabaki, kwa sababu upungufu nao haukuisha. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2020, lilihesabu wauguzi wapatao milioni 27.9 duniani na upungufu wa milioni 5.9. Kwa hiyo ninapokutana na wodi inayogawana kazi, siwacheki. Najua kilichowafikisha hapo.

Ila nitawaeleza kilichotokea kwa mzee mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga. Siku ya pili baada ya upasuaji, mwenye sindano alimpa dawa zake kwa wakati. Mwenye vidonda alifungua, akasafisha, akafunga. Kidonda kikavu, safi. Mwenye presha aliandika mapigo ya moyo: jioni 88, alfajiri 96, asubuhi 104. Alfajiri aliandika mtu mmoja na asubuhi mtu mwingine, na kila mmoja aliiona namba yake peke yake. Msaidizi alimwaga mkojo uliokuwa kwenye mfuko na kuandika kiasi chake kwenye karatasi nyingine kabisa, iliyotundikwa upande wa pili wa kitanda. Aliyetandika shuka alikisogeza kikombe cha maji kilichojaa ili apate nafasi, kisha akakirudisha palepale.

Saa nne binti yake akaja kwenye dawati letu, mpole kabisa. "Sista, samahani. Baba tangu jana hajanywa maji. Anasema meza iko mbali na hataki kuwasumbua."

Msimamizi wa zamu alikwenda mwenyewe. Alikusanya karatasi zote, akazitandaza juu ya blanketi miguuni pa mzee, moja kando ya nyingine. Mapigo yanapanda. Mkojo unapungua, na rangi yake imekolea. Midomo imekauka. Meza ilikuwa imewekwa upande wa nyonga iliyopasuliwa, na mzee hakuweza kugeukia huko. Aliwekewa dripu, meza ikahamishiwa upande wa pili, na kufika jioni alikuwa anatania watu. Lakini zile karatasi nne juu ya blanketi zilinikaa. Habari yote ilikuwepo, imeandikwa kwa mwandiko mzuri, na hakukuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuisoma kwa pamoja. Ukikagua kazi ya kila mmoja wetu asubuhi ile, usingepata kosa.

Nikiri pia upande wa pili. Usiku wa ajali, majeruhi wanapofika kwa mkupuo, sijaona njia inayoshinda kugawana kazi: wewe damu, wewe oksijeni, wewe andika. Hapo uamuzi mrefu hauhitajiki, mikono ndiyo inayohitajika. Shida ni kuufanya utaratibu wa dharura kuwa wa kila Jumatatu. Na sikubaliani na wanaosema kwamba mtu mmoja akishika dawa za wodi nzima makosa hupungua. Tumefundishwa kuhakikisha mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Mwenye toroli la dawa anaweza kutimiza yote matano na bado akampa dawa ya kushusha presha mtu ambaye presha yake imeshashuka, kwa kuwa namba hiyo iko mkononi mwa mwenzake aliye mwisho wa wodi.

Nilihamishiwa wodi ya magonjwa ya ndani, na huko wakafanya kazi kwa timu. Wodi iligawanywa pande mbili. Kila upande na kiongozi wake ambaye ni muuguzi mwenye uzoefu, chini yake wauguzi wengine na wasaidizi. Mtindo huu unahusishwa na Eleanor Lambertsen, mwalimu wa uuguzi aliyekuwa Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia huko New York mwanzoni mwa miaka ya 1950, na shabaha yake ilikuwa hasa kutibu ugonjwa ule wa kukatakata kazi. Wengi wanaoiga mtindo huu huchukua mgawanyo wa pande mbili na kuacha kiini chake, yaani kikao kifupi cha timu kila siku ambapo wagonjwa wanajadiliwa mmoja mmoja. Ondoa kikao, na timu inarudi kuwa kugawana kazi ndani ya nusu wodi. Nimeliona hili mara nyingi mno. Siku yenye kazi nyingi, kitu cha kwanza kufutwa ni kikao, eti tutaongea baadaye.

Kiongozi wetu hakufuta. Tulisimama korido, dakika kumi, mara nyingine saba, baada ya mzunguko wa kwanza wa asubuhi. Na alikuwa na tabia moja ambayo mwanzoni ilinishangaza: alianza na msaidizi, yule wa cheo cha chini kuliko wote. "Umeona nini?" Hakumwuliza amefanya nini.

Asubuhi moja msaidizi huyo alisema, tena kwa kusitasita, kwamba yule mama wa dirishani ana wekundu juu ya matako, kwenye mfupa, na akiubonyeza kwa kidole haupauki. Mtu aliyesoma uuguzi anajua maana yake: ngozi nzima ambayo wekundu wake haupotei ukibonyezwa ni hatua ya kwanza ya kidonda cha mgandamizo. Kwa mwenye ngozi nyeusi wekundu wenyewe unaweza usionekane vizuri, ndipo unatafuta joto, ugumu au maumivu ukilinganisha na sehemu ya jirani. Kikifunguka kidonda hicho kinaweza kuchukua wiki au miezi kupona. Pale pale tukapanga: ageuzwe kila saa mbili, upande huu, upande ule, asilalie mgongo, na ratiba ibandikwe kitandani aweke sahihi anayegeuza, visigino vinyanyuliwe kwa mto, shuka isiwe na mkunjo. Ngozi haikupasuka. Baadaye nilimwuliza msaidizi huyo kama kwenye wodi alikotoka alikuwa haoni mambo kama hayo. Akanijibu, "Nilikuwa naona, dada. Ila nani angeniuliza?"

Anayemwogesha mgonjwa ndiye anayemwona mgonjwa. Hili tunalisahau tunapoendelea kupanda vyeo na kuogesha tukawaachia wengine.

Wodi ya tatu ndiyo iliyonibadilisha zaidi. Ilikuwa ya watu wanaorudishiwa uwezo baada ya kiharusi na majeraha makubwa. Huko mgonjwa akilazwa anapewa muuguzi wake, na muuguzi huyo anabeba mpango wa huduma yake mpaka siku anaruhusiwa, saa zote 24, hata anapokuwa amelala kwake. Hafanyi kila kitu yeye. Asipokuwepo, aliye zamu anafuata mpango aliouandika, na haubadilishi bila sababu inayoandikwa. Muuguzi Marie Manthey na wenzake waliujenga mtindo huu katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960, wakiwa wamechoshwa na uuguzi ambao kila mtu anahusika na hakuna anayewajibika.

Nilipofika nikadhani ni maneno mazuri ya kwenye semina. Kisha nikaingia zamu ya usiku na kumkuta mama mmoja ambaye nilishasikia sifa zake: mkorofi, anapiga. Kiharusi kilimpata upande wa kushoto wa ubongo, kikamwondolea maneno na kulegeza mkono na mguu wa kulia. Usiku wa kwanza wa kulazwa alikuwa amempiga muuguzi kofi zito kwa mkono wake mzima, na kwenye ripoti likaandikwa neno "mkali". Muuguzi wake alikuwa amekaa naye, akamchunguza, akagundua kwamba upande wa kulia haoni. Macho yenyewe ni mazima, lakini kiharusi cha namna ile kinaweza kufuta nusu ya anachokiona mtu. Kitanda chake kilikuwa kimewekwa ukuta uko kushoto. Kwa hiyo kila mtu alimjia kutoka upande asioona, na kitu cha kwanza alichohisi ni mkono umeshamshika gizani.

Mpango niliousoma usiku ule ulikuwa mistari michache. Kitanda kimegeuzwa, mjie kutoka kushoto. Washa taa ndogo kwanza. Taja jina lako, gusa mkono wa kushoto, subiri akutazame. Anaelewa kuliko anavyoweza kusema; uliza maswali ya ndiyo na hapana. Nikafanya hivyo. Alinitazama, akaninyoshea mkono nimpime presha. Muuguzi aliyeyagundua hayo yote hakuwepo hata kwenye jengo, lakini usiku ule mama yule alihudumiwa kwa akili ya muuguzi huyo.

Lakini nako kuna magugu. Nimeona wauguzi wakigombania mpango: "Usiguse, huyo ni mgonjwa wangu." Nimeona mgonjwa akikataa dawa kwa sababu sista wake yuko likizo. Na nimeona mtu akimbeba mgonjwa moyoni mpaka anashindwa kula siku hali ikibadilika. Tena unahitaji wauguzi waliosoma, si wasaidizi tu, na hilo ndilo linalowafanya wenye bajeti wakunje uso. Chumba cha wagonjwa mahututi wao hawana mjadala: muuguzi mmoja, mgonjwa mmoja au wawili, anafanya kila kitu kwa zamu nzima. Kule huwezi kumkabidhi mtu mmoja mashine ya kupumulia na mwingine dripu za dawa za presha, kwa sababu ukigusa hiki kile kinabadilika dakika hiyohiyo.

Hata hivyo, chagua mtindo wowote, mgonjwa atapita mikononi mwa watu kadhaa kila saa 24, na mahali pa kumwangusha ni pale zamu zinapopokezana. Nilikozoea, ripoti ilisomwa ofisini, mlango umefungwa, msomaji anataka kwenda kulala na wasikilizaji hawajaamka vizuri. "Kitanda cha saba, yuko sawa. Kitanda cha nane, yuko sawa." Sawa kwa kipimo gani? Wodi ile ya kiharusi walikabidhiana kando ya kitanda. Anayetoka anasema jina la mgonjwa na sababu ya kulazwa, kilichotokea, anavyomwona sasa, na kinachotakiwa kufanyika. Mpangilio wa aina hiyo ulianzia jeshi la majini la Marekani kabla ya kuingia hospitalini, na uzuri wake ni kwamba unamlazimisha mtu kufikia pendekezo badala ya kuishia kwenye hadithi. Anayeingia anaangalia mwenyewe: dripu inatiririka, mahali ilipochomwa kanula, ule mrija mdogo wa kwenye mshipa, hapajavimba, chupa ya oksijeni ina kiasi gani, mpira wa mkojo haujakunjwa chini ya paja.

Na mgonjwa anasikiliza. Mara moja mwenzangu alikuwa anakabidhi, akasema dripu hii ni ya pili. Baba aliyelala pale akanyanyua kidole: "Samahani sista, hii ya tatu. Ile nyingine walibadilisha nikiwa natoka kupigwa picha." Tukafungua chati ya majimaji: ya tatu haikuandikwa, imening'inizwa na mtu wa idara nyingine. Kwa mtu ambaye moyo wake haukuwa na nguvu, lita moja isiyohesabiwa si jambo dogo.

Kuna wanaopinga kwa hoja ambayo siwezi kuipuuza: siri. Kitanda kiko hatua mbili kutoka kitanda kingine. Majibu ya vipimo fulani, habari za ndoa, mimba iliyotoka, hayasemwi pale. Tulichofanya ni kuyaandika na kuyasema ofisini, kisha tukaenda kitandani kwa yaliyobaki. Inachukua dakika zaidi. Na zipo asubuhi ambazo hizo dakika hazipo.

Hapo ndipo watu hunikatiza na kusema: mitindo yote hiyo ni bure bila watu. Nakubali nusu. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake, uliotoka mwaka 2002 kutokana na hospitali za jimbo la Pennsylvania, Marekani, ulionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja wa upasuaji anayeongezwa juu ya mzigo wa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 1999, ikaanza kutumika 2004, ya kuweka ukomo wa wagonjwa kwa muuguzi. Leo wodi za kawaida za magonjwa ya ndani na upasuaji ni wagonjwa watano, chumba cha mahututi wawili. Namba zinaokoa watu, sina ubishi.

Nusu nisiyoikubali ni hii: namba ileile inaweza kugawanywa vibaya. Kanuni niliyoikuta karibu kila mahali ni kugawa kwa vitanda: kitanda cha kwanza hadi cha sita wako, cha saba hadi cha kumi na mbili wangu. Inaonekana haki. Sasa tazama ndani yake. Wa kwanza ana watu watatu wanaotembea na wawili wanaongoja karatasi za kuruhusiwa. Wa pili ana aliyetoka chumba cha upasuaji saa moja iliyopita, ana mzee aliyechanganyikiwa anayeshuka kitandani kila ukigeuka, na ana mgonjwa anayeongezewa damu, ambaye dakika 15 za mwanzo hutakiwi kumwacha kwa kuwa ndipo mwili huweza kuikataa damu hiyo kwa ukali. Sita kwa sita. Mmoja atamaliza zamu amekunywa chai mara mbili, mwingine hataenda hata msalani, na anayelipia ni yule mzee atakayeanguka.

Siku hizi karatasi ile ya ukutani naiandika mimi, na siiandiki kwa vitanda. Zamu inayotoka inampa kila mgonjwa uzito, moja hadi tatu: anajiweza, anahitaji mkono, anahitaji macho kila wakati. Nagawa uzito, ndipo naangalia vitanda visiwe mbali mbali sana. Kila mgonjwa ana muuguzi wake aliyeandikwa. Wasaidizi wamefungwa kwa wauguzi wawili wawili, kwa hiyo ndani yake kuna timu. Usiku tukizidiwa tunagawana kazi bila aibu, na asubuhi tunarudi kwenye wagonjwa. Wasomi wa mitindo watasema nimechanganya. Ni kweli, nimechanganya.

Ubishi unaoendelea sasa wodini ni kuhusu ubao. Juu ya kila kitanda tumeweka kibao kidogo chenye jina la muuguzi wa zamu hiyo. Wagonjwa wamekipenda, ndugu zao wamekipenda zaidi, na wauguzi wangu wawili wamekuja kulalamika kwamba wanaitwa kwa majina korido nzima, hata saa ya kula, hata na wagonjwa wasio wao. Mmoja ameomba tuandike namba badala ya jina. Nimekataa namba. Saa ya kula tumekubaliana kwamba anayebaki abandike jina lake juu ya la mwenzake mpaka arudi, na mwezi ujao tutakaa tena kuona kama kuna anayekumbuka kulibandua.